Kuchelewa Kufungua Nati

Ufundi wa kutambua chanzo cha injini inayotetemeka ni ufundi wa kufikiri kabla ya kuwa ufundi wa mikono, na ubora wake huonekana zaidi katika vipuri vilivyoachwa mahali pake kuliko katika vile vilivyong'olewa na kutupwa. Kauli hii ni kweli kwa gereji yoyote, lakini katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ina uzito wa pekee, kwa kuwa maduka makubwa ya vipuri vya magari yaliyotumika yako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, na kila kipuri kinachoagizwa kwa kubahatisha hufika kikiwa kimebeba, juu ya bei yake, gharama ya kusafirishwa, siku za kusubiri na hasara ya safari ambazo gari halikuzifanya. Fundi mwenye duka la vipuri ng'ambo ya barabara anaweza kujaribu kifaa kimoja leo na kingine kesho, na makosa yake yakafichwa na ukaribu wa duka. Fundi wa Nachingwea hana maficho hayo, na kwa sababu hiyo umbali, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa kikwazo, umekuwa pia mwalimu mkali wa nidhamu ya kupima.

Magari yanayohusika hapa ni yale yenye sakafu iliyoinuka, mwili mpana na mara nyingi uwezo wa kusukumwa na magurudumu yote manne, ambayo wauzaji huyatambulisha kwa herufi SUV: Suzuki Escudo, Toyota RAV4, Toyota Land Cruiser Prado, Mitsubishi Pajero, Nissan X-Trail na ndugu zao. Mengi kati ya yale yaliyozeeka yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko Japani gari jipya la abiria hufanyiwa ukaguzi wa lazima likitimiza miaka 3 na baadaye kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwashawishi wengi kuyauza magari yao yakiwa bado na nguvu. Tanzania nayo huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Japani, hivyo usukani huwa tayari uko upande unaofaa. Serikali hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya abiria yaliyozidi miaka 10, lakini gari lililokwisha kuingia nchini hakuna sheria inayolizuia kuzeeka, nalo huweza kupita mikononi mwa mmiliki wa kwanza, wa pili na wa tatu kabla halijashuka kusini. Huko kusini hununuliwa kwa fedha ya ufuta na korosho, mazao yanayouzwa katika minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na hununuliwa kwa sababu ya ardhi yenyewe: mvua za msimu mmoja, zinazoanza kuelekea mwisho wa mwaka na kukoma karibu na Mei, hugeuza njia za vijijini kuwa tope, kisha kiangazi kirefu huzigeuza kuwa vumbi.

Ili kuuthamini ufundi unaosifiwa hapa, ni lazima kwanza kufahamu injini inavyohesabu mapigo yake. Injini nyingi za petroli za magari haya zina silinda 4, yaani vyumba vya mviringo ambamo pistoni hupanda na kushuka, na kila silinda hupitia hatua nne: kuvuta hewa na mafuta, kuvigandamiza, kuvilipua kwa cheche, na kutoa moshi. Hatua hizo nne hukamilika kila mara mhimili mkuu wa injini, uitwao krenki, unapozunguka mara mbili. Gari likiwa limesimama huku injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, hali ambayo mafundi huiita sailensi, krenki huzunguka kama mara 700 kwa dakika. Kwa hiyo kila silinda hulipua mara 350 kwa dakika, na silinda zote nne kwa pamoja hutoa mapigo 1,400, sawa na mapigo 23 hivi kwa kila sekunde. Yakifuatana kwa usawa, mwili wa binadamu huyapokea kama mngurumo mmoja. Silinda moja ikiacha kulipua, hutokea karibu mapengo 6 kwa kila sekunde, na mapengo hayo ndiyo yanayotikisa usukani, vioo vya pembeni na kiti cha dereva. Mafundi husema injini hiyo inamisi, yaani inaruka mapigo, na neno hilo moja hubeba maradhi kadhaa yasiyofanana.

Hayafanani kwa sababu silinda huhitaji mambo kadhaa kwa pamoja ili ilipue, na kukosekana kwa lolote kati yake hutoa mtikisiko uleule. Huhitaji hewa na petroli kwa uwiano wa takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Huhitaji cheche kali kutoka kwenye plagi, tena kwa wakati wake. Na huhitaji mgandamizo, maana yake chumba kisichovuja wakati pistoni inapopanda. Nyuma ya kila hitaji upo mlolongo wa vifaa: nyuma ya cheche kuna plagi, waya, koili inayokuza umeme wa betri hadi maelfu ya volti, na sensa zinazoieleza kompyuta ya injini mahali krenki ilipo; nyuma ya petroli kuna tangi, pampu, chujio na nozeli zinazonyunyizia; nyuma ya hewa kuna chujio jingine, mipira, na mlango wa hewa unaofunguka dereva anapokanyaga. Mtu akiorodhesha kila kinachoweza kuharibika atajaza ukurasa, na fundi asiye na mpango atauanza ukurasa huo popote. Fundi stadi huupanga kwa kanuni mbili: kwamba jaribio lisilogharimu hutangulia lenye gharama, na jaribio linaloweza kutenguliwa hutangulia lisiloweza. Kutazama na kusikiliza havigharimu kitu, kuchomoa plagi ni kazi ya muda mfupi inayorudishika, lakini kufungua kichwa cha silinda ni kazi ya siku nzima inayodai gasketi mpya hata kama hakuna ubaya uliokutwa ndani. Hiyo ndiyo maana ya kuchelewa kufungua nati: kutoigusa mpaka swali lililoko mbele ya fundi lisiweze kujibiwa kwa njia nyingine.

Jaribio la kwanza hufanywa kwa mdomo. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika gereji swali jema huokoa fedha nyingi kuliko zana. Je, injini hutikisika asubuhi ikiwa baridi na kutulia ikipata moto, au ni kinyume chake? Je, hutikisika gari likiwa limesimama, au linapopanda mlima? Hali hiyo ilianza taratibu kwa miezi, au ilianza siku moja baada ya kujaza mafuta, kuosha injini au kuvuka maji? Kuna fundi mwingine aliyeligusa kabla, na aligusa nini? Hili la mwisho hutaka adabu, kwa sababu mwenye gari, hasa akiwa mtu mzima mwenye heshima yake, haoni raha kukiri kwamba alilipeleka kwingine au kwamba liliwahi kuchemsha, yaani kupata joto kupita kiasi kwa kukosa maji, naye akaendelea kuliendesha hadi nyumbani. Fundi humwita mzee wangu, humpa kiti, humwachia nafasi ya kusimulia kwa mpangilio wake mwenyewe, na kwa upole humfikisha kwenye lile alilotaka kulipita, akijua kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba injini iliyowahi kuchemsha hutazamwa kwa jicho tofauti na ile ambayo haikuwahi.

Majibu hayo huanza kupunguza ukurasa mara moja, kwa kuwa kila dalili ina sababu yake ya kimaumbile. Injini inayotikisika kwenye sailensi na kutulia inapoongezwa mwendo hushukiwa kuvuta hewa ya wizi, yaani hewa inayopenya kwenye mpira uliopasuka bila kupimwa na sensa: mlango wa hewa ukiwa karibu umefungwa, hewa hiyo ndogo huwa sehemu kubwa ya hewa yote na huharibu uwiano, lakini mlango ukifunguliwa huzidiwa na wingi wa hewa halali na athari yake hupotea. Injini iliyotulia kwenye sailensi lakini ikavunjika nguvu wakati wa kupanda kutoka bonde la Lukuledi kuelekea Ruangwa husimulia habari nyingine: kwenye mzigo mkubwa shinikizo ndani ya silinda huongezeka, cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili iruke katikati ya hewa iliyobanwa, na koili iliyochoka au waya wenye ufa huuacha umeme utorokee pembeni, au pampu na chujio la mafuta vilivyokuwa vikitosheleza mahitaji madogo hushindwa kutosheleza makubwa. Kwa maneno machache ya dereva, fundi amekwisha kuhama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, na hajashika spana.

Hatua inayofuata hutafuta ni silinda ipi inayoruka. Injini ikiwa inaunguruma, fundi huchomoa soketi ya nozeli au ya koili ya silinda ya kwanza, akasikiliza, akairudisha, kisha akaenda ya pili, ya tatu na ya nne. Anapoizima silinda iliyokuwa ikifanya kazi, mngurumo hushuka na mtikisiko huzidi. Anapoizima ile isiyofanya kazi, hakuna kinachobadilika, kwa sababu hakuna kilichopotea. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba fundi hutafuta pale penye ukimya wa mabadiliko, na kwamba halihitaji chochote zaidi ya vidole na masikio. Iwapo silinda zote nne zinaitikia kwa kiwango kimoja na injini bado inatikisika, hilo nalo ni jibu kubwa: ubaya si wa silinda moja, na fundi huelekea kwenye vitu ambavyo silinda zote huvichangia, kama vile hewa, shinikizo la mafuta au sensa ya joto la maji. Kwa kusikiliza nozeli, wapo wanaoweka ncha ya bisibisi ndefu juu yake na mpini kwenye mfupa ulio karibu na sikio. Nozeli nzima hugonga kwa kasi na kwa usawa, iliyokufa hukaa kimya, na iliyochafuka hugonga huku ikinyunyizia vibaya, jambo ambalo sikio haliwezi kulithibitisha na linapaswa kuachiwa kipimo kingine.

Plagi ya silinda inayoshukiwa huchomolewa na kusomwa, na hapa wenyeji wa wilaya hizi wana mfano wao wa karibu: ni sawa na mkaguzi wa ghala la korosho anayechukua sampuli chache za korosho ghafi, akazikata, na kwa weupe, madoa na usinyaavu wa kiini akaamua hali ya magunia ambayo hakuyafungua. Plagi yenye ncha ya rangi ya kahawia hafifu imetoka kwenye silinda inayounguza vizuri. Iliyofunikwa masizi makavu meusi husema mafuta yamezidi uwiano au cheche ni dhaifu; nyeupe kama chokaa husema mafuta ni machache au joto limezidi; iliyolowa petroli husema mafuta yalifika lakini cheche haikuja; na iliyolowa oili husema oili ya injini inapenya kwenye ringi za pistoni au kwenye mipira ya vali. Plagi zote nne zikipangwa kwenye kipande cha gazeti kwa mpangilio wa silinda zake, fundi huona kwa mkupuo mmoja iwapo ugonjwa ni wa mmoja au wa wote. Plagi zilizochanganywa ovyo ndani ya kopo, hata zikiwa zilezile, zimepoteza ushahidi wake.

Baada ya kusoma huja jaribio ambalo pengine ndilo kilele cha ufundi huu, nalo ni kubadilishana. Silinda ya pili ikiwa ndiyo inayoruka, koili yake hupelekwa kwenye silinda ya tatu na ile ya tatu kuletwa kwenye ya pili, kisha injini huwashwa. Ugonjwa ukihamia silinda ya tatu, koili imehukumiwa bila shaka. Ukibaki kwenye ya pili, koili imeachiwa huru, na zamu ni ya plagi, halafu ya nozeli. Gari lenyewe limegeuzwa kuwa duka la vipuri vya majaribio, kwa kuwa kila kifaa kinachoshukiwa kina wenzake watatu wanaofahamika kuwa wazima. Kwa anayeishi mbali na soko, njia hii ni tofauti kati ya kuagiza koili moja kwa uhakika na kuagiza koili nne, plagi nne na nozeli nne kwa matumaini. Haifai kwa kila kitu, kwa sababu gari la miaka ya 1990 lenye distribyuta, yaani kifaa kimoja kinachogawa umeme kwa silinda zote, lina koili moja tu isiyo na mwenzake. Hapo fundi husubiri giza liingie, akawasha injini na kutazama waya za plagi, ambazo zikiwa na ufa huonyesha vimulimuli vya buluu vikirukia kwenye chuma.

Mazingira ya kusini huongeza orodha yake ya washukiwa. Vumbi la kiangazi hupita kwenye chujio la hewa lililochakaa au lisilokaa sawasawa na kutua kwenye sensa ya kupima hewa, ambayo katika magari mengi ni waya mwembamba unaopashwa moto. Waya ukivaa koti la uchafu hupima hewa pungufu, kompyuta hutoa mafuta pungufu, na injini hudhoofika bila kifaa chochote kuvunjika. Waya huo husafishwa kwa dawa yake ya kupulizia na kamwe haufutwi kwa kitambaa. Mipira ya hewa iliyopigwa na joto kwa miaka 20 hukauka na kupasuka upande wa chini usioonekana, na hubainishwa kwa kunyunyizia maji kidogo juu yake wakati injini inaunguruma: mngurumo ukibadilika ghafla, ufa umejitaja. Panya nao huingia kwenye gari lililoegeshwa kwa muda karibu na ghala la nafaka na kutafuna waya za sensa, ubaya ambao macho yenye subira huuona mapema kuliko mashine yoyote.

Mafuta yenyewe hayaachwi nje ya uchunguzi. Kuchanganya petroli au dizeli na mafuta ya taa kuliwahi kuenea nchini kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, katika mafuta yaliyolipiwa kodi, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya udanganyifu huo. Hata hivyo petroli inayouzwa kwa chupa na madumu katika vijiji vilivyo mbali na vituo huweza kuchukua maji na mchanga njiani. Mafuta ya taa ndani ya petroli hugeuka mvuke taratibu na hulipuka kabla ya wakati yakigandamizwa, kwa hiyo injini huwaka kwa shida asubuhi, hugonga kwenye mlima na kuacha masizi kwenye plagi zote. Kuchota kidogo kutoka kwenye tangi, kuyaacha yatulie ndani ya chupa nyeupe na kuyatazama yakijitenga na maji ni kipimo cha kale, na bado kinafaa.

Wapo wanaodhani kwamba mashine ya kusoma kompyuta ya gari imefuta haja ya haya yote. Kompyuta hiyo huhifadhi namba za makosa inayoyatambua, na namba hizo husomwa kwa njia zinazotegemea umri wa gari. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, kijisanduku kilicho chini ya boneti kina matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, ambayo yakiunganishwa kwa kipande cha waya huifanya taa ya injini iliyo kwenye dashibodi imwekemweke, na fundi huhesabu mimweko hiyo kama tarakimu. Mfumo wa pamoja unaoitwa OBD-II, uliolazimishwa kwa magari yanayouzwa Marekani kuanzia mwaka 1996, ulizoeleka baadaye kwa magari ya soko la Japani, na hutoa namba kama P0301, yenye maana kwamba silinda ya kwanza inaruka, au P0171, yenye maana kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kupita uwiano wake.

Namba hizo ni ushahidi wa shahidi mmoja, na shahidi huyo huona kupitia tundu dogo. Silinda ikikosa cheche, hewa iliyovutwa ndani yake hutoka bila kuungua na kupita mbele ya sensa ya oksijeni iliyoko kwenye bomba la moshi. Sensa huona oksijeni nyingi na kuiarifu kompyuta kwamba mafuta ni machache. Kompyuta huongeza mafuta kwa silinda zote, zile zilizokuwa nzima hupewa kuliko mahitaji yake, na namba inayohifadhiwa hulalamikia mchanganyiko wakati mkosaji ni plagi. Anayeitii namba bila kuihoji hununua sensa ya oksijeni, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa ikisema kweli kuhusu kile ilichokiona. Fundi stadi huipokea namba kwa heshima, akaiuliza imetokana na kipimo gani, na akalipima dai lake kwa plagi, sikio na jaribio la kubadilishana.

Ufundi huu hudai pia kumbukumbu ya maumbile ya kila aina ya injini, kwa sababu namna injini ilivyobuniwa huamua namna itakavyougua. RAV4 la kizazi cha pili, lililotoka mwaka 2000, liliuzwa Japani likiwa na injini ya lita 2.0 iitwayo 1AZ-FSE, ambayo nozeli zake hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Katika injini za kawaida petroli hupita juu ya vali za kuingizia hewa na kuzisafisha. Katika hii vali hizo haziguswi na petroli kamwe, na mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa huganda juu yake kama masizi magumu mwaka hadi mwaka, hadi hewa inapopita kwa shida na injini ikatikisika kwenye sailensi. Mwenye gari hilo anaweza kubadilishiwa plagi na koili zote bila nafuu, kwa kuwa ubaya uko mahali ambapo hakuna kipuri cha kubadilisha, bali uchafu wa kuondoa kwa uvumilivu.

Kipimo cha mwisho ni cha mgandamizo, nacho hufanywa kwa kufunga geji kwenye tundu la plagi na kuzungusha stata huku mafuta na cheche vimekatwa. Injini ya petroli iliyo nzima hutoa karibu bar 12, lakini usawa kati ya silinda una maana zaidi kuliko kiwango chenyewe. Silinda moja ikiwa chini sana, fundi hudondoshea humo oili kidogo na kupima tena: mgandamizo ukipanda, oili imeziba kwa muda njia iliyokuwa ikivuja pembeni mwa pistoni, na ringi zimekwisha; usipopanda, uvujaji uko juu, kwenye vali au gasketi. Hapa ndipo ujuzi hukutana na uadilifu, kwa sababu wakati mwingine jibu sahihi ni kwamba injini imechakaa na haistahili kutiliwa fedha zaidi, na fundi anayelitamka jibu hilo hujinyima kazi ya wiki nzima.

Ardhi ya Nachingwea yenyewe ina historia inayofundisha thamani ya kupima kabla ya kutenda. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, na kutokana na taarifa yake serikali ya Uingereza ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliyotumika vitani yalinunuliwa kwa wingi, vifaru vya Sherman vikageuzwa na kampuni ya Vickers kuwa mashine za kung'oa misitu, bandari ikajengwa Mtwara na reli ikafikishwa Nachingwea. Mashine ziliharibika kuliko zilivyoweza kutengenezwa, udongo wa Kongwa ulikula majembe ya chuma na kuwa mgumu kama saruji wakati wa ukame, na mvua hazikuja kama zilivyotarajiwa. Mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kugharimu mamilioni ya pauni, na mwaka 1962 reli ikafungwa. Waliouendesha hawakukosa nguvu wala vyuma. Walikosa subira ya kuuliza ardhi maswali yasiyogharimu kabla ya kuagiza majibu ya gharama kubwa, na kosa hilo, kwa umbo dogo, ndilo linalofanyika kila mara kipuri kinapoagizwa kabla ya ugonjwa kujulikana.

Wenye subira hiyo leo wengi hawakuipata darasani. Kijana huanza kama spana boi, yaani anayempa fundi zana na kuosha vifaa kwa petroli. Si ajabu awe amekwisha kuizoea kabureta kupitia pikipiki, au kupitia mashine ya mgongoni ya kupulizia salfa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, ambayo ina injini ndogo inayougua kwa sababu zilezile za hewa, mafuta, cheche na mgandamizo. Husikia silinda ikiruka mara nyingi kabla hajaweza kusema inaruka, na hujifunza kutoka kwa mkubwa wake mambo mawili yasiyoandikwa: lini aguse na lini asiguse. VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kwa njia hiyo, ambapo fundi hupimwa kwa kazi na kupewa cheti. Utaratibu huo una haki ndani yake, kwa kuwa unakiri kwamba kivuli cha mwembe kilicho kando ya barabara kinaweza kuwa karakana ya mafunzo.

Limebaki jambo moja ambalo cheti hakiwezi kulirekebisha, nalo ni malipo. Desturi ya gereji nyingi ni kulipia kipuri na kukifunga. Kufikiri kulikotangulia huhesabiwa kuwa bure. Fundi aliyetumia saa mbili kuuliza, kusikiliza na kubadilishana koili, kisha akagundua mpira wa hewa uliopasuka na kuutengeneza kwa kipande cha bei ndogo, hudaiwa apunguze hata hicho kidogo, kwa kuwa mteja haoni kilichonunuliwa. Aliyebahatisha na kubadilisha vifaa sita hulipwa vizuri, na mteja huondoka na mfuko wa vifaa vya zamani kama uthibitisho kwamba kazi imefanyika. Katika hesabu hiyo anayefikiri hupata kidogo kuliko anayebahatisha, na kijana anayewatazama wote wawili hujifunza haraka nani wa kumwiga. Uchimbaji wa madini ya kinywe wilayani Ruangwa na mapato ya korosho na ufuta vitaleta injini zaidi katika wilaya hizi, nyingi zikiwa zimekwisha kuzeeka mahali pengine. Wenye magari wanaotaka ufundi huu uendelee kuwepo wana njia iliyo wazi: wakubaliane na fundi bei ya kupima kabla boneti haijafunguliwa, na wailipe bei hiyo kwa ukamilifu hata siku ambayo hakuna kipuri kilichobadilishwa, kwa sababu siku hiyo ndiyo waliyopata zaidi.